Redio na Chumba cha Pasi

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki, na yasipotosha nitaazima ya jirani. Mkimsikia mtu anasema babu huyu anatia chumvi, mwulizeni kama alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Niliishi ukuta kwa ukuta na wahusika, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wao wakipika, mimi ndiye niliyeshiba.

Upande wa pili wa ukuta aliishi dobi mmoja na watoto wake wawili. Mumewe alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana leo na kupotea msimu mzima. Mtaani tulimwita Mama Dobi. Kazi yake kubwa ilikuwa kufua shuka na foronya za nyumba ya wageni iliyoko barabara kuu, na kuzipiga pasi ya mkaa, kwa maana umeme wa kwetu ulikuwa ukija na kuondoka bila kuaga. Shuka ikitoka mikononi mwa Mama Dobi ungeweza kuitumia kukatia mkate. Msicheke, nimewahi kuona.

Binti yake alikuwa darasa la sita, na jina lake la mtaani lilikuwa Redio. Kila asubuhi alichota maji bombani, akachemsha chai, akamwogesha mdogo wake, na kazi zote hizo alizifanya huku akikariri masomo kwa sauti moja, bila kituo wala pumzi.

Siku moja nikamwuliza, "Redio, hayo unayosema maana yake nini?"

"Babu, usinikatize, nitasahau!" akajibu, akaendelea pale pale alipoachia.

Mdogo wake alikuwa mtoto wa kujifunza kutembea, mnene wa mashavu, tukamwita Bonge. Yeye alipenda vitu viwili tu duniani: kula, na kulala juu ya lundo la shuka safi.

Basi mwaka ule mvua ilikuja ikagoma kuondoka. Kamba za uani zikawa hazina kazi. Shuka zikianikwa asubuhi, jioni zinaanuliwa zikiwa na maji mengi kuliko zilivyotoka kwenye beseni. Mama Dobi akaona isiwe taabu. Akahamishia kazi yote chumba cha nyuma. Akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akaweka jiko la mkaa katikati ili zikauke, na pembeni meza ya pasi. Lakini upepo ulikuwa ukiingia dirishani na kupeperusha majivu ya pasi juu ya shuka nyeupe. Doa moja tu, na msimamizi wa nyumba ya wageni angerudisha lundo zima. Kwa hiyo Mama Dobi akaziba dirisha kwa nailoni na misumari, mlango akaufunga, na chini yake akasokomeza gunia. Chumba kikawa na joto zuri, kimya, kisicho na vumbi. Alijisifu kwa ubunifu ule, na sisi majirani tukamsifu pia.

Haukupita muda Mama Dobi akaanza kuumwa.

Kilikuwa kichwa kwanza. Kisha kizunguzungu, kisha kichefuchefu, kisha akawa anapepesuka akiwa amesimama mezani. Redio akirudi shuleni anamkuta ameegemea ukuta, uso umemvimba, pasi bado mkononi.

"Mama, twende zahanati."

"Nilikwenda juzi, mwanangu. Wamenipima malaria, hakuna. Wamenipima presha, iko sawa. Na jambo la ajabu, nikifika kule sijisikii vibaya tena. Tabibu akiniangalia naona haya, kama vile nimekwenda kumdanganya."

"Basi pumzika."

"Nikipumzika nani atapiga pasi? Wewe na hiyo redio yako?"

Alitaka kutania, lakini alipomaliza kusema alifumba macho, akashika ukingo wa meza asianguke. Usiku huo... hapana, siku zile zote, mtaa ulijaa maneno. Wengine walisema Mama Dobi amechoka na kazi. Wengine walisema kuna mkono wa mtu. Wengine, na hao ndio wabaya zaidi, walisema anajifanya. Msimamizi wa nyumba ya wageni, mwanamke mrefu mwenye shada la funguo kiunoni, alikuja akasimama mlangoni.

"Mama Dobi, wageni wangu wanalala kwenye magodoro matupu. Kesho mchana nakuja na gari. Nikikuta shuka haziko tayari, nakusanya zangu na kumpelekea mwingine."

"Nimekusikia, dada. Zitakuwa tayari."

Msimamizi alipoondoka, Mama Dobi alikaa chini akalia kimya kimya, akidhani watoto hawamwoni.

Sasa twende shuleni siku hiyo hiyo, maana huko nako kulikuwa na jambo lake. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mzee mwenzangu, mwembamba, mpole, lakini macho yake yalikuwa yakipekua. Ubaoni aliandika maneno matatu: notice, find out, realize.

"Hili la kwanza," akasema, "ni pale jicho au sikio lako linaponasa kitu. Pengine jana kilikuwepo na hukukijali. La pili, unakifuatilia kitu hicho, unauliza, unajaribu, mpaka unaupata ukweli wake. La tatu ni pale kunapopambazuka kichwani, ukajikuta unasema, kumbe! Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Redio, nipe sentensi yenye neno la kwanza."

Redio alisimama, akafungua mdomo, na sentensi ikatoka moja kwa moja kama maji ya bomba. Alisema kwa Kiingereza kwamba alimwona simba bustanini.

"Simba?" Mwalimu akavua miwani. "Bustani ya nani hiyo?"

"Ya... ya kitabuni, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mvulana mmoja wa nyuma akanguruma. Mwalimu akangoja watulie.

"Umeelewa, au umekariri?"

Redio akaukodolea macho ubao, kama vile jibu limeandikwa pale.

"Kaa, mwanangu. Kaniletee sentensi za kwenu. Kitu ulichokiona wewe mwenyewe, ambacho nikija nyumbani kwenu naweza kukigusa kwa kidole."

Alirudi nyumbani amenuna. Mama anaumwa, kazi inapotea, na mwalimu anataka vitu vya kugusa kwa kidole! Lakini asubuhi iliyofuata, mama yake aliposhindwa hata kunyanyua birika, Redio aliivua sare ya shule.

"Leo siendi. Napiga pasi mimi."

Mama Dobi hakubisha, na hilo ndilo lililomwogopesha Redio kuliko yote. Mama yake hakuwa mtu wa kuacha kubisha. Wakaingia wote chumba cha nyuma. Mama alijilaza kwenye mkeka pembeni, ili aweze kumwelekeza. Bonge akapanda lundo lake la shuka. Jiko likawaka, mlango ukafungwa, gunia likasokomezwa.

Redio alipiga pasi. Ile pasi jamani ilikuwa nzito kama dhambi za mtu mzima. Alipiga shuka baada ya shuka, jasho likimtoka, na masikio yake kwenye barabara, akisubiri mngurumo wa gari la msimamizi. Baada ya muda kichwa kikaanza kumgonga. Kikagonga, kikagonga, mpaka akaona shuka mbili pale penye moja.

Akajisemea moyoni, "Nimeambukizwa. Na mimi nimeupata. Tukifa wote wawili, nani atambeba Bonge?"

Maji ya kunyunyizia shuka yakaisha. Akachukua ndoo, akajikokota hadi bombani, mvua ikimpiga utosini. Alipokuwa akisubiri ndoo ijae akashtuka. Kichwa hakigongi. Akakigusa, kama mtu anayetafuta kofia iliyopotea. Kweli, kilikuwa kimetulia. Akarudi chumbani akapiga foronya chache, na nyundo zikarudi pale pale.

Hapo akasimama na pasi hewani.

Alimkumbuka mama yake akisema, nikifika kule sijisikii vibaya tena. Akakumbuka kwamba siku ya mapumziko, jiko lilipokuwa halijawashwa, Mama Dobi aliamka akiimba. Mambo hayo yote yalikuwepo mbele ya macho yake siku nyingi, naye alikuwa ameyapita tu, akikariri. Akaweka pasi chini. Akatoka nje kwa makusudi, akavuta pumzi ndefu kwenye mvua. Kichwa kikapungua. Akarudi ndani. Kikapanda. Akalitazama jiko jekundu katikati ya chumba, akatazama nailoni dirishani, gunia mlangoni.

"Kumbe!" akasema kwa sauti. "Ugonjwa hauko kwa mama. Ugonjwa uko humu chumbani!"

Akageuka. "Mama! Mama, tutoke!"

Mama Dobi alifumbua macho nusu. "Usifungue... shuka zitaingia majivu..."

"Mama, ni mkaa! Ni mkaa unaotuua!"

Macho yakafumba tena. Redio akamrukia Bonge. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Alimtikisa, akamwita, akamfinya shavu lile nono ambalo ukiligusa tu huwa analia mtaa mzima usikie. Bonge hakulia.

Sijui kama mmewahi kusikia mtoto wa miaka kumi na miwili akipiga ukelele wa namna ile. Niliusikia kupitia ukutani na chai ikanimwagikia mapajani. Redio alimbeba Bonge hadi barazani, akamlaza penye hewa. Akarudi. Akavuta pumzi nje na kuishikilia, akaingia. Akaichana nailoni ya dirisha kwa mkasi. Jiko lilikuwa la moto, halishikiki, naye hakuwa na muda wa kutafuta tambara. Akanyakua shuka ya juu kabisa kwenye lundo lililopigwa pasi, nyeupe kama maziwa, akaizungushia mikono, akalibeba jiko na kulitupa uani. Likapiga kelele kwenye maji ya mvua, na shuka ikabaki na tundu jeusi la kupitisha kichwa.

Akabaki mama, na mama alikuwa mtu mzima, mzito. Redio alimvuta mkono, hakusogea. Alimvuta mguu, hakusogea. Akalia, akavuta tena.

Hapo sasa ndipo nilipoingia mimi. Niliruka ukuta wa uani kama swala, nikaupiga mlango teke moja ukatoka na fremu yake, nikamtupia Mama Dobi bega hili, na bega hili jingine nikabeba meza ya pasi isije ikaungua, nikatoka nao mbiombio hadi barazani. Wakati huo nilikuwa na miaka sitini na kitu. Nguvu zilikuwepo.

Bonge bado alikuwa kimya. Redio alipiga magoti kati yao wawili, mkono mmoja kifuani kwa mama, mwingine kifuani kwa mdogo wake, akitafuta kitu kinachodunda.

"Jamani, amkeni. Mama, nitaacha kukariri, amka. Bonge, nitakupa chai yangu yote. Amkeni!"

Ndipo gari likanguruma. Msimamizi akashuka, funguo zikilia kiunoni, akaliona jiko uani na shuka yake kwenye tope.

"Shuka zangu! Nani kafanya..." Akatuona. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari kwa nguvu. "Waingizeni! Mnanitazama nini? Haraka! Shuka nitazigombania kesho!"

Njiani alikuwa akiendesha mwenyewe, akipiga honi bila kukoma, madirisha yote wazi, mvua inatulowesha, hakuna aliyelalamika. Redio alimpakata Bonge. Aliendelea kumfinya shavu, kidogo kidogo, na kila alipofinya bila jibu, aligeuka kunitazama, na mimi mzee mzima nikawa naangalia nje.

Hospitali walipokelewa mbio, wakavishwa vinyago vya oksijeni. Tukaambiwa tukae kwenye benchi. Yule msimamizi aliyekuja kunyang'anya kazi alikaa karibu na Redio, akavua mtandio wake akamfunika mabegani. Redio aliutazama mlango. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, redio ile ilikuwa imezimwa kabisa.

Kisha, nyuma ya mlango, kitu kikaanza kulia. Kikalia kwa hasira, kwa nguvu, kwa njaa, kilio cha mtu aliyeamshwa bila kuombwa radhi.

"Huyo Bonge!" Redio akaruka. "Huyo ni Bonge!"

Mama yake alichelewa zaidi. Tulikaa mpaka benchi likatuchoka. Hatimaye tabibu, yule yule aliyempima Mama Dobi zahanati na ambaye siku hiyo alikuwa zamu hospitali, alitoka akatuita. Mama Dobi alikuwa amefumbua macho. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa, "Shuka..."

"Kichwa chako na shuka!" akafoka msimamizi, kisha akajifuta machozi kwa kiganja.

Tabibu akamwuliza Redio ilikuwaje. Redio akaeleza yote polepole: bombani, mvua, kichwa, kutoka na kuingia. Tabibu alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu," akasema. "Huioni, na haina harufu. Kwenye uwazi hutawanyika. Kwenye chumba kilichozibwa hujaa, na mtu hulala asiamke. Mama, kila ulipokuja kwangu sikuona kitu, kwa sababu ulikuwa umeshavuta hewa safi njiani. Nami sikukuuliza unafanyia kazi mahali gani. Ningekuuliza, tusingefika hapa. Kuanzia leo, jiko na pasi ya mkaa ni mahali penye upepo, hata kama dunia nzima inataka shuka." Akamgeukia Redio. "Na wewe umewaokoa kwa sababu ulijiuliza kwa nini."

Mama Dobi aliporudi nyumbani, msimamizi mwenyewe alileta mabati, tukayaezeka juu ya baraza, na kazi ikahamia pale. Majivu yakiruka, shuka hukung'utwa. Yakigoma kutoka, hufuliwa upya. Hakuna aliyekufa kwa kufua upya.

Mwalimu alikuja kama alivyodokeza darasani. Redio alimpeleka chumba cha nyuma, akampa sentensi zake tatu kwa Kiingereza cha kukwamakwama, akisimama kila baada ya neno ili kulitafuta linalofuata. Alisema aliona kwamba mama huumwa akiwa ndani. Akasema alichunguza, akagundua kwamba nje kichwa hupona. Akasema hapo ndipo alipong'amua kwamba ni mkaa. Mwalimu akagusa fremu ya dirisha kwa kidole, kwenye matundu ya misumari.

"Kiingereza chako leo kimekwama mara nyingi," akasema, "na ni kizuri kuliko cha simba. Siku ile ulikuwa na maneno, lakini hayakuwa na kitu ndani. Mtoto anayesema nimeelewa wakati hajaelewa anajifungia dirisha mwenyewe. Usiogope kusema sijui. Kisha fungua macho, uliza, jaribu, mpaka ujue. Huko ndiko kusoma."

Hapo ndipo hadithi yangu inapokwisha, na ndipo nilipoiishia juzi nilipowasomea wajukuu zangu nje ya nyumba. Walikuwa wameshika mashavu. Nikaona niwarudishie kidogo pale pa mlango na teke. Kumbe Mama Dobi alikuwa nyuma yangu, anapita na beseni la nguo.

"Nani aliyevunja mlango?" akauliza.

"Shikamoo yako iko wapi?" nikamwuliza, ili nibadilishe mada.

"Shikamoo, Babu. Nani aliyevunja mlango?"

"Mimi... si unajua tena..."

"Mlango ule ulikuwa wazi! Redio na msimamizi wamenieleza yote: mtoto wangu ndiye aliyenivuta. Alinibingirisha juu ya shuka akanikokota nayo peke yake mpaka barazani. Wewe ulikuja umevaa kiatu kimoja, ukasimama na mwavuli, ukawa unasema 'jamani, jamani.' Msimamizi ndiye aliyekusukumia garini."

Wajukuu waligaragara kwa kicheko. "Babu! Na ulituapia!"

"Mwavuli niliwafunika nao wagonjwa," nikajitetea.

"Ulijifunika mwenyewe," akasema Mama Dobi, akatua beseni. "Haya, wajukuu, hapa uani kwetu mwongo anafanywaje?"

"Akunje shuka!" wakapiga kelele wote.

Kwa hiyo leo ninaandika haya mikono ikiniuma. Nimekunja za nyumba ya wageni nzima, mimi ncha hii, Mama Dobi ncha ile. Kila tukizinyoosha yeye huvuta kwake, na mimi hupepesuka hatua mbili mbele. Nimemwomba avute taratibu. Amecheka, akavuta zaidi.